Bodi ya mashine ya nyasi ikiliwa na kutu: ipi inalipa kati ya mpya, chakavu na ya fundi

Injini ya zamani ya Briggs & Stratton ya nguvu farasi 3.5 haifi kirahisi. Mradi inabadilishiwa oili na filta inasafishwa, inadumu miaka mingi huku bodi ya bati iliyoibeba ikimomonyoka taratibu chini yake. Ndiyo maana stoo nyingi za mahoteli, shule na nyumba zenye bustani zina mashine inayowaka kwa mvuto mmoja wa kamba, ila ukitazama kwa juu unaziona nyasi kupitia matundu. Hapa tunapima njia za kuiokoa mashine ya kusukuma yenye kisu cha inchi 18, yaani sentimita 46, kwa kuibadilishia bodi. Hukumu yetu ni hii: bodi chakavu iliyo nzima ndiyo inayolipa kuliko zote, ikiwa vipimo vinakubaliana. Ikikosekana, bodi ya kuchomelewa na fundi anayefuata vipimo inashinda ile mpya ya bei nafuu inayouzwa ndani ya boksi kwa injini yoyote.

Lakini kwanza hakikisha bodi imekufa kweli.

Kutu ya mashine hizi huanzia chini, pale macho hayafiki. Nyasi mbichi hujibandika ndani ya bodi na kubaki na unyevu, huku mchanga unaorushwa na kisu ukiwa umeshaparura rangi. Mashine ikioshwa kwa maji kisha ikafungiwa stoo bila kukaushwa, kazi ya kutu inakuwa rahisi zaidi. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, upepo wa chumvi unaharakisha mambo. Mbolea ya dukani iliyomwagwa kwenye bustani inafanya vivyo hivyo hata Nairobi au Arusha, mbali kabisa na bahari.

Chomoa waya wa plagi, kausha tangi la petroli, kisha laza mashine huku kabureta na filta ya hewa vikiwa upande wa juu. Ukikosea upande, oili itaingia kwenye filta na mashine itatoa moshi mweupe siku nzima. Kwangua tope lote la nyasi, halafu shika bisibisi bapa na uisukume kwa nguvu ya mkono kwenye sehemu tatu: duara linalokalia injini, mahali magurudumu yanapofungwa, na mahali mkono wa kusukumia unaposhikiza. Tundu kwenye ukuta wa pembeni linazibika. Bisibisi ikipenya karibu na bolti ya injini, au ukikuta ufa unaotoka kwenye tundu la bolti hiyo, bodi imekwisha na hakuna kiraka cha kuirudisha. Kisu cha sentimita 46 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda mita 72 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Bati hilo ndilo linaloitenga ncha hiyo na miguu ya anayesukuma.

Kuhusu viraka hatuna mengi. Vinafaa ukutani tu, kwa bati la geji 16 (geji ni kipimo cha unene wa bati), na lazima kiraka kivuke tundu hadi kufikia chuma kizima, sentimita 3 hivi kila upande. Ukijaribu kuchomelea kwenye bati lililoliwa, linayeyuka mbele ya fimbo ya kuchomelea na tundu linazidi kukua. Puti ya magari na faiba gilasi ni za kuficha aibu. Mtetemo unazibandua ndani ya msimu mmoja.

Bodi mpya ya kiwanda chenyewe

Hii ndiyo inayokaa sawasawa bila kubahatisha: matundu yako mahali pake, mdomo wa kutolea nyasi una umbo lake, na mabano ya magurudumu yanapokea vyuma vya zamani. Shida ni kuipata. Watu wengi hufika dukani na namba iliyogongwa kwenye kava la injini, wakirudi wanalalamika kwamba muuzaji hajui kazi. Namba hiyo ni ya injini tu. Briggs & Stratton wameuzia injini watengenezaji wengi wa mashine, na kila mmoja ana bodi yake. Namba unayoihitaji huwa kwenye stika au kibati kilichobandikwa kwenye bodi yenyewe, mara nyingi nyuma karibu na mkono, na kwenye mashine iliyooza kimeshatoka pamoja na rangi. Bila namba hiyo usiagize chochote kutoka nje. Ukiipata, linganisha bei ya bodi pamoja na usafirishaji na bei ya mashine mpya nzima. Ikivuka nusu, kununua bodi hakuna maana, labda injini iwe bora kuliko zile zinazouzwa sasa.

Bodi ya boksi, ya kila injini

Ni zile za bati jekundu au la kijani linalong'aa, zinazouzwa kama spea ya mashine za inchi 18 hadi 20. Ukiitoa kwenye boksi inavutia. Ina kifuniko cha mdomo chenye springi, ina vyuma vya kupandisha na kushusha magurudumu, na bati limekandamizwa kwa mashine hivyo lina umbo zuri la kusukuma nyasi kuelekea nje. Sifa hiyo ya mwisho ni kubwa. Fundi wa mtaani hawezi kuiiga kikamilifu.

Sasa iweke sakafuni na ubonyeze katikati kwa kiganja, pale injini itakapokaa. Zile nyembamba zinabonyea na kurudi kwa mlio. Pima ukingo kwa vania, kifaa cha kupimia unene: milimita 1.2 haitoshi kubeba injini ya nguvu farasi 3.5 inayotetemeka, 1.5 inavumilika ikiongezewa nguvu, 2 ndiyo unayoitaka. Tatizo la pili ni matundu ya injini. Kwa kuwa bodi imetengenezwa kupokea injini nyingi, matundu yake ni marefu badala ya mviringo. Bolti ikilegea kidogo tu, injini inateleza ndani ya tundu, kisu kinatoka katikati, na ncha inaanza kuparua ukuta wa upande mmoja.

Dawa yake ipo na si ghali. Kata duara la chuma cha milimita 3 au 4 lenye matundu matatu yanayobana bolti bila nafasi, liweke chini ya bodi, halafu liunganishe na bati kwa bolti zake tatu nyingine nje ya eneo la injini. Usilichomelee, maana joto litapinda bati jembamba na kuunguza rangi. Kumbuka kwamba duara likiwekwa chini halibadilishi kimo cha kisu. Likiwekwa juu, kati ya injini na bati, kisu kinapanda kwa unene uleule.

Ukiongeza duara hilo, bodi ya boksi inastahili alama ya wastani. Bila hilo hatuipendekezi.

Bodi chakavu

Mashine iliyokufa injini ni hazina kwa mwenye mashine iliyokufa bodi, na zote mbili zimejaa kwenye minada na kwa wauza vyuma chakavu. Kununua mashine nzima mbovu mara nyingi ni bora kuliko bodi peke yake, kwa sababu unapata magurudumu, mkono, kebo na bolti zinazofanana.

Nenda na sumaku ndogo na bisibisi. Gonga bodi kwa mpini wa bisibisi ukizunguka taratibu. Chuma kizima kinalia, chenye puti au kilicholiwa kwa ndani kinatoa sauti ya kufa. Sumaku ikishika huku na kukataa kule kwenye bodi ya chuma, kuna puti chini ya rangi mpya. Ikikataa kote, una bodi ya aluminiamu, na hapo mambo yanabadilika. Aluminiamu haipati kutu nyekundu, na kwa watu wa pwani ni chaguo zuri sana, lakini ina magonjwa yake mawili. Inapasuka kwenye matundu ya injini, na ufa huo hauzibwi kwa fimbo za kawaida. Unahitaji fundi wa gesi ya agoni. Pia pale bolti ya chuma inapogusana na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi, unga mweupe unajaa na bolti inang'ang'ania hadi inakatika. Paka grisi kila bolti kabla ya kuifunga.

Kipimo kinachowaangusha wengi ni kina cha bodi. Shafti za injini hizi, yaani mihimili inayozungusha kisu, zina urefu tofauti, hata kama injini zinafanana kwa sura. Pima kwanza kutoka sehemu injini inapokalia hadi ukingo wa chini wa bodi. Halafu funga kisu na kishikio chake kwenye injini, upime kutoka uso wa chini wa injini hadi makali ya kisu. Makali yanatakiwa yawe juu ya ukingo wa bodi kwa milimita 10 hadi 15. Kwa mfano, shafti ya milimita 80 pamoja na kishikio kinachoongeza 8 vinaweka kisu kwenye 88, basi bodi yenye kina cha 100 inafaa. Bodi ya kina cha 85 itaacha kisu kikining'inia nje, na hiyo haifai kabisa, hata kwa kujaribu. Bodi ya kina cha 125 haina hatari, ila kisu kinakaa juu mno na nyasi zinakatwa kama zimetafunwa.

Kuhusu upana, usishawishike kufunga kisu kikubwa zaidi kwa sababu bodi mpya ina nafasi. Viwango vya Marekani vinaweka mwisho wa kasi ya ncha kwenye futi 19,000 kwa dakika, karibu mita 96.5 kwa sekunde. Kisu cha inchi 21 kwenye injini iliyowekwa mizunguko 3,600 kinavuka hapo. Kisu kibaki cha inchi ileile.

Bodi ya kuchomelewa

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo fedha inapookolewa au kutupwa. Mafundi wa bati wa Kamukunji jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam wanakata na kukunja chuma vizuri, lakini wengi wao hutengeneza majiko, masanduku na mageti, vitu visivyobeba injini. Ukimpa fundi bodi mbovu na kumwambia "tengeneza kama hii", atakuletea kitu chenye sura ileile na katikati tofauti. Mpe vipimo.

Chuma kiwe geji 14, yaani milimita 2. Fundi atakushauri milimita 3 "iwe ngumu", naye ana hoja, ila piga hesabu ya uzito. Milimita 2 ina kilo 15.7 kwa mita ya mraba, hivyo bodi yetu pamoja na vyuma vyake inafika karibu kilo 10. Ya milimita 3 inakwenda kilo 13 hadi 14, na anayesukuma kwenye mteremko au kwenye nyasi nzito za Kikuyu ataikumbuka tofauti hiyo kila anapogeuza. Ugumu unaoutafuta unapatikana kwa njia nyingine, tutaieleza. Bati la mabati lenye zinki liepuke. Linapochomelewa zinki inaungua na kutoa moshi unaomletea fundi homa, na kwenye maungio ulinzi umeshatoka. Kwa nyumba iliyo ufukweni, chuma cha pua cha milimita 1.5 kinafaa ikiwa mfuko unaruhusu na fundi ana fimbo zake maalumu.

Vipande ni hivi. Bamba la juu la milimita 520 kwa 560, pembe zimezungushwa. Ukuta wa duara wenye kipenyo cha ndani cha milimita 485, unaoacha milimita 14 kati ya ncha ya kisu na ukuta kila upande. Utepe wake ni wa urefu wa milimita 1,530 hivi, na upana unalingana na kina ulichopima. Duara la kukalia injini la chuma cha milimita 4, kipenyo 250. Vipande vinne vya flati (chuma bapa) ya milimita 5 vya kushikia magurudumu. Na nondo laini ya milimita 8 ya kuzungushwa ukingoni.

Nondo hiyo ndiyo ugumu wenyewe. Ukingo wa bati lililokatwa hupinda ukigonga jiwe, na ndipo kutu inapoanzia. Nondo ikichomelewa kwa nje kuzunguka ukingo wa chini, bodi ya milimita 2 inashinda ya 3 isiyo nayo. Iwe kwa nje, maana ikiwa ndani inakula nafasi ya kisu.

Ili kupata matundu ya injini, usipime kwa rula. Paka oili chafu kwenye miguu mitatu ya injini, isimamishe juu ya kadibodi ngumu uliyoitoboa katikati kupitisha shafti, kisha iondoe. Alama za miguu zinabaki wazi pamoja na matundu yake. Kata kadibodi hiyo, irudishe kwenye injini kuhakiki, ndipo umpe fundi kama kielelezo. Tundu la katikati liwe kubwa kiasi cha kupisha kitovu cha oili sili (mpira unaozuia oili kuvuja kwenye shafti) na kishikio cha kisu bila kugusa.

Mpangilio wa kuchomelea ndio unaotenganisha bodi nzuri na mbovu. Duara la injini lichomelewe kwenye bamba kabla ya ukuta, likiwa limefungwa kwa bolti kwenye bamba nene au kwenye kreni kesi (bodi ya chini) ya injini iliyokufa, ili joto lisilipinde. Tumia fimbo za E6013 za milimita 2.5, zile zinazouzwa kama geji 12, kwa ampea 60 hadi 80. Piga pointi kwanza, kila sentimita 5, ukiruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Halafu jaza mistari mifupi ya sentimita 3 kwa mtindo uleule na kuacha ipoe. Fundi mwenye haraka anayevuta mstari mmoja kuzunguka duara zima atakupa duara lililokunjamana. Injini yako isiwepo kabisa wakati wa kuchomelea: kuna mvuke wa petroli, na umeme ukipita ndani yake unaharibu bearingi.

Duara likipoa, weka rula ya chuma juu ya duara na ujaribu kupitisha wembe chini yake karibu na kila tundu. Ukipita, sehemu hiyo isawazishwe kwa grenda au duara lirudiwe. Usikubali kuambiwa kwamba bolti zikikazwa litanyooka lenyewe. Litanyooka kweli, lakini kwa kuuvuta mguu wa injini, na mguu huo ni wa aluminiamu.

Mdomo wa kutolea nyasi una siri yake. Injini hizi zikitazamwa kutoka juu huzunguka kama mshale wa saa, hivyo nyasi zikipita mbele zinaelekea kulia. Mdomo wa pembeni uanzie mbele kulia, upana wake karibu robo ya duara, na ukuta unaouelekea uachane na kisu taratibu, kutoka milimita 14 hadi 40. Mafundi wengi hukata tundu tu kwenye duara kamili. Mashine hiyo itakata nyasi kavu bila neno, lakini mvua ikinyesha, nyasi zitajazana na kutoka kwa mabonge. Kifuniko cha mdomo kiwe na bawaba na springi, kielekee chini, na nyuma upande wa miguu ning'iniza mpira mzito wa kukanyagia au kipande cha tairi.

Magurudumu sasa. Gurudumu la inchi 8 lina nusu kipenyo cha milimita 100. Ikiwa kisu kiko milimita 12 juu ya ukingo na unataka nyasi zibaki na kimo cha milimita 50, ukingo utakuwa milimita 38 kutoka ardhini, kwa hiyo tundu la ekseli liwe milimita 62 juu ya ukingo. Toboa matundu matatu kwenye kila flati: 82 kwa kukata chini hadi milimita 30, 62 kwa 50, na 42 kwa 70. Ukoka wa pwani unapenda lile la katikati. Boliti ya M12 yenye nati ya kujibana inatosha kuwa ekseli.

Rangi isifanywe kwa pupa. Kwangua takataka zote za weldi kwa brashi ya waya, futa mafuta kwa thina, paka praima ya zinki fosfeti mara moja, halafu rangi ya enameli mara mbili, ukiacha kila mkono ukauke kabisa. Chini ya bodi rangi ya epoksi ni bora zaidi. Kuna wanaopaka lami ya magari chini wakidhani inalinda. Inalinda kweli, lakini inanata, na nyasi zinashikamana nayo kuliko zilivyoshikamana na bodi ya zamani. Duara la injini lisipakwe rangi nene juu, kwani rangi inabonyea na bolti zinalegea.

Kuhamisha injini

Piga picha za kebo zote kabla ya kufungua. Kebo ya breki ya kisu ndiyo inayosumbua: tangu 1982 mashine zinazouzwa Marekani kwa matumizi ya nyumbani zinalazimika kusimamisha kisu ndani ya sekunde 3 baada ya kuachia mkono, na urefu wa kebo hiyo hutegemea pembe ya mkono wa kusukumia. Bodi mpya ikibadilisha pembe hiyo, breki itabaki imeshika nusu na injini itaonekana haina nguvu, au haitashika kabisa.

Zuia kisu kwa kipande cha mbao, fungua bolti ya katikati, kisha vuta kishikio kwa pula, kifaa cha kuvutia. Usigonge shafti kwa nyundo; kinachopinda hakionekani kwa macho ila mtetemo utakuambia. Angalia kii ya shafti, yaani kipande kidogo cha chuma kinachoifungamanisha na kishikio, na ukiwa hapo angalia na kii ya flaiwili (gurudumu zito la injini) kama kisu kimewahi kugonga jiwe au kisiki. Hiyo ya flaiwili ni ya aluminiamu laini, imewekwa ikatike mapema, na ikikatika nusu mashine inapiga teke au inagoma kuwaka, halafu bodi mpya inalaumiwa bure.

Bolti zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Unaponunua mpya, peleka ya zamani dukani. Bolti ya inchi 5/16 na ya M8 (milimita 8) zinatofautiana kwa unene usiofika hata sehemu ya kumi ya milimita, lakini hesi zao, yaani meno ya bolti, ni mbali: 5/16 ya UNC (hesi pana ya inchi) ina milimita 1.41 kati ya jino na jino, M8 ina 1.25. Inaingia mizunguko miwili kwa mkono, fundi anamalizia kwa spana, na hesi ya aluminiamu inatoka kama unga. Bolti ya kisu kwenye shafti ya inchi 7/8 ni ya inchi 3/8 ya UNF (hesi nyembamba), meno 24 kwa inchi, na mahali pake hapawekwi ya M10 wala ya UNC.

Kaza bolti tatu za injini kidogokidogo kwa zamu, kila moja na washa ya springi. Bolti ya kisu ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kati ya Nm (nyutoni mita) 50 na 60 kwa mashine nyingi za aina hii. Kabla ya kurudisha waya wa plagi, zungusha kisu kwa mkono na upime ncha ya kwanza kutoka sehemu moja ya ukingo, kisha ncha ya pili kutoka sehemu ileile. Tofauti ikizidi milimita 3, badilisha kisu kwanza. Ikibaki, shafti imepinda, na hapo hata bodi ya dhahabu haitasaidia. Weka oili mpya ya SAE 30, karibu mililita 600, na usome kijiti.

Washa mashine mahali pasipo na nyasi kwa dakika 5, izime, chomoa plagi, na kaza kila bolti tena ikiwa imepoa. Rudia baada ya saa moja ya kukata. Kuanzia hapo, kila unapokwangua nyasi chini ya bodi, tazama rangi kuzunguka matundu matatu ya injini. Mstari mwembamba uliopasuka, wenye kutu inayoanza kutoka ndani yake, ni ufa wa chuma na si wa rangi peke yake. Toboa tundu la milimita 3 mwisho wa ufa usiendelee, toa injini, na uchomelee hapo kabla hujaendelea kukata.